Kiingereza na Nini?

Likombe, Mtwara
Jumanne, 5 Novemba 2024

Mke wangu Mwanahamisi, Mwana wangu wee,

Nimeandika "mke wangu", nikaweka kalamu chini, nikayasoma tena maneno hayo mawili, nikacheka peke yangu kama mwehu. Ni wiki saba sasa tangu tuoane na bado sijazoea. Jana fundi viatu aliniuliza, "Hivi vya nani?" Nikajibu kwa sauti iliyofika sokoni: "Vya mke wangu!" Mzee wa watu alitaka jina tu, asije akavichanganya.

Ulitaka barua, barua ndiyo hii. Kwenye simu kila mtu huku anataka kukusalimia, na zamu yangu ikifika salio limekwisha. Hapa kwenye karatasi tuko wawili. Nimempa kondakta wa basi la Dar es Salaam, nikamwambia humu mna moyo wa mtu, asiukalie.

Msimu wa korosho umepamba moto. Bandarini tunapakia makontena mpaka mgongo unaniuliza nimeukosea nini. Lakini hata huko upo. Juzi niliona kasha limeandikwa Kiingereza kwa herufi kubwa nyekundu. Wakati wa chai nikatoa ile kamusi uliyoniachia, nikatafuta neno baada ya neno. Kumbe maana yake ni "Shika taratibu, huvunjika". Nikawaambia wenzangu, "Jamani, wameandika habari za mke wangu!" Tangu siku hiyo hawaniiti Faraji tena. Naitwa Shika Taratibu.

Nieleze kila kitu. Kitanda kikoje, chai ina sukari, na hiyo falsafa inafundishwa mkiwa mmekaa au mmesimama? Nikilitamka tu neno hilo najiona nimevaa tai. Vitu viwili kwa shahada moja! Wenzako wanatafuta kimoja hawakipati.

Baba anakusalimia kutoka Kitaya. Kila akipiga simu anauliza, "Mwalimu wetu hajambo?"

Nakupenda mpaka nasahau kula. Halafu nakumbuka, nakula cha watu wawili.

Mumeo,
Faraji


Dar es Salaam
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mume wangu, Shika Taratibu,

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya tano aliisoma Felista, mwenzangu wa chumba, baada ya kuninyang'anya. Amesema, "Mumeo anaandika kama anagombea ubunge." Nikamwambia kura yangu ameshaipata.

Kitanda ni cha juu, nimegonga kichwa mara mbili. Chai ina sukari. Falsafa tunasoma tumekaa, lakini kwa kweli mimi nakaa nusu tu, maana kila dakika nataka kusimama!

Faraji, sikiliza. Jumatano saa tatu tulikuwa na kipindi cha Kiingereza. Mwalimu akaandika ubaoni sentensi fupi, "Mto ni uleule", akatutaka tuigeuze Kiingereza. Nilidhani ni kazi ya dakika moja. Tulitumia saa nzima, na shida yote ilikuwa neno moja, "uleule". Kila tulilolipata lilibeba kitu tusichokusudia, au liliangusha kitu njiani. Nikatoka kichwa kinawaka. Saa tano nikaingia falsafa, mwalimu mwingine, chumba kingine, naye anasema, "Nitajieni kitu kinachobadilika na hakipotezi jina lake." Watu wakataja mtoto, wakataja mji. Mimi nikanyoosha mkono, nikataja Ruvuma.

Nikawasimulia shamba la mpunga la Baba. Nikasema mwaka ule wa mafuriko mto ulihama, mkondo ukapita nyuma ya shamba badala ya mbele, na baba mkwe wangu aliyelala na shamba lake Tanzania akaamka shamba liko upande wa Msumbiji, halijasogea hata hatua moja. Nikauliza: kilichohama ni nini? Mto, mpaka, au shamba? Basi darasa likalipuka! Kipindi kikaisha watu wanabishana mpaka kwenye foleni ya chakula. Mwalimu aliliandika swali langu ubaoni na jina langu chini yake: Mwanahamisi Omari. Sijawahi kuliona jina langu juu ubaoni bila kuwa nimechelewa.

Umeona? Kiingereza kinaniuliza jambo limesemwaje. Falsafa inaniuliza kama ni kweli. Nikiwa na kimoja tu nitakuwa kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Wapo wenzetu wanaohama. Dirisha la kubadilisha kozi liko wazi mpaka Ijumaa tarehe 29, na wengi wanakwenda ualimu kwa sababu ajira yake inaeleweka. Mimi sitoki hapa hata kwa winchi ya bandari yenu.

Na huyo Baba! "Mwalimu wetu"! Utani mtamu. Lakini niambie tena alivyofurahi siku ile ulipomweleza nasoma nini. Nataka kusikia maneno yake mwenyewe.

Mkeo anayekuota,
Mwana


Likombe
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Dada Mariamu,

Shikamoo. Mimi mdogo wako nina tatizo, na wewe ndiye unayekaa na Baba hapo Kitaya.

Mke wangu hasomi ualimu. Anasoma Kiingereza na falsafa. Usipige kelele, Baba atasikia.

Sikupanga kudanganya. Unakumbuka tulipokaa na wajomba kuzungumzia posa? Baba akauliza, "Binti anakwenda kusoma nini?" Nikasema, "Kiingereza na..." Koo likanikauka. Nilikuwa sijui hiyo falsafa nitaielezaje mbele ya wajomba wanne na sinia la ubwabwa. Nikiwa natafuta neno, Baba akanimalizia: "Na ualimu!" Wajomba wakaitikia, "Maashallah." Nikasema, "Ndiyo hivyohivyo." Maneno mawili tu, Dada.

Halafu nikamwambia Mwana kwamba nimemweleza Baba na amefurahi. Kufurahi kweli alifurahi.

Sasa Mwana anataka nimwandikie maneno ya Baba. Nakuomba umzuie Baba asiitaje ile shule mpya mnayojenga, wala chumba cha mwalimu, mpaka nipate namna. Namna nitaipata. Msimu ukipungua nitakuja.

Usiniite mwoga. Nimeshajiita.

Mdogo wako,
Faraji


Kitaya
Jumapili, 17 Novemba 2024

Kwa mkwe wangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Hii ni barua yangu mimi Salumu, baba wa mumeo, nasema na Mariamu anaandika. Huku wote wazima. Mvua bado, viboko ndio hao, wanatazama vitalu vyetu vya mpunga kama mashemeji waliochelewa karamu.

Neno langu ni hili. Shule yetu mpya imefika kwenye bati. Kamati, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, imekaa na kukubaliana kwamba chumba cha kwanza cha nyumba ya walimu ni chako. Nimewaambia mkwe wangu anasomea ualimu wa Kiingereza, akimaliza anakuja kwao. Watu walipiga makofi. Dirisha tumeliweka upande wa mto, upate upepo wa kusahihishia madaftari.

Tunaomba ukija likizo usimame mbele ya kamati uwasalimie kwa Kiingereza, kidogo tu, ili wanaobisha wakome.

Ni mimi baba yako,
Salumu

Wifi, hapa chini ni mimi Mariamu, Baba amekwenda kuswali. Mimi ni mwandishi tu, naandika ninachoambiwa. Mengine muulize mumeo.


Dar es Salaam
Alhamisi, 21 Novemba 2024

Faraji,

Umepiga simu mara saba na sijapokea. Kwenye simu utanibembeleza, nitacheka, na jambo litapita. Kwa hiyo naandika.

Nimepata barua ya Baba, nikampigia Dada Mariamu, naye akanisomea ile uliyomwandikia. Nimeelezwa kuhusu chumba, na dirisha, na makofi. Nililia, na si kwa hasira tu. Hakuna mtu aliyewahi kunijengea dirisha.

Ulinidanganya mimi, ukamdanganya na yeye, na wote wawili tumeishi kwa furaha ndani ya uongo wako wiki zote hizi kama wapangaji wasiojuana. Nikuulize kitu kimoja. Ulinionea haya? Ulipofika kwenye "na", kilichokukausha koo ni neno, au ni mimi? Kwa sababu hiyo "na" ndiyo shahada yangu nzima. Kiingereza wanakijua. Falsafa wataizoea. Lakini kinachonifanya niamke kabla ya adhana ni hiyo "na" iliyo katikati, na wewe ndipo hapohapo uliponyamaza.

Fomu ya kubadilisha kozi nimeichukua. Iko chini ya mto wa kitanda. Dirisha linafungwa Ijumaa tarehe 29 saa kumi jioni. Sitaingia nyumbani kwa Baba nikiitwa jina ambalo si langu. Basi ama wewe umwambie mimi ni nani, au mimi niwe yule uliyemwambia. Nitaijaza, nitakuwa mwalimu, nitalipenda lile dirisha na sitakulaumu. Lakini sitakusahaulisha.

Usinijibu mimi. Mjibu Baba.

Mwanahamisi


Likombe
Jumatatu, 25 Novemba 2024

Mwana wangu, roho yangu,

Nimetoka Kitaya usiku wa jana na naandika mbiombio, usishangae mwandiko. Kaa vizuri. Kama uko kitanda cha juu, shuka kwanza.

Nilifika saa nne asubuhi. Baba alikuwa barazani anachambua korosho kwenye mkeka, Dada Mariamu pembeni. Dada aliponiona akasema, "Karibu, mwanamume," kwa namna ambayo ni kheri angenipiga kofi. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, viatu mguuni.

"Baba, Mwanahamisi hasomi ualimu. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Akaendelea kuchambua. "Anasoma nini?"

"Kiingereza na..." Mwana, haki ya Mungu, koo likakauka palepale! Dada akakohoa. Nikasema kwa nguvu, kuku wakaruka: "Na falsafa!"

"Falsafa ni nini?"

"Ni kuuliza, Baba."

"Kuuliza nini?"

"Kila kitu."

Akatazama pembeni. "Basi anasomea upolisi."

"Siyo, Baba. Polisi anauliza apate mtu. Hawa wanauliza wapate... wapate..."

"Wapate nini? Mshahara wanapata?"

Nikaona nazama. Nilikariri maelezo njia nzima na yote yamekimbia. Ndipo nikakumbuka barua yako, ile uliyoandika una raha. Nikakaa mkekani mbele yake, nikasema, "Kitendawili!"

Baba akanitazama kama nimepandwa na shetani. Lakini unamjua. Hajawahi kuliacha neno hilo lipite bila kulijibu. Akasema, "Tega."

"Mto umehama, shamba halikusogea, mwenye shamba akaamka ng'ambo. Kilichohama ni nini?"

Mkono wake ukabaki hewani na korosho moja. Halafu akasema taratibu, "Hilo ni shamba langu."

"Ndiyo, Baba."

"Nani amekitega hiki?"

"Mkweo. Aliwatega darasa zima Dar es Salaam. Wameshindwa, na mwalimu amekiandika ubaoni."

"Shamba langu liko ubaoni?"

"Liko ubaoni."

Basi hapo, mke wangu, mlango ukafunguka! Baba akasema kilichohama ni mto, hilo liko wazi. Dada Mariamu akamwambia, "Kama mto umehama, ulipo sasa ni mto gani? Mbona tunauita Ruvuma uleule?" Baba akasema basi ni mpaka. Dada akasema mpaka ni mto, hujasema kitu. Baba akasema, "Nyamaza nifikiri," na kabla hajafikiri akamwita jirani yake Hemedi, yule waliyenuniana naye miaka yote kwa ajili ya shamba hilohilo. Hemedi akasema kilichohama ni Baba, kwa kuwa zamani alikuwa akilifikia kwa miguu na sasa hafiki. Nilidhani watapigana. Wakachora mto kwa kijiti mchangani, wakaufuta, wakachora tena. Adhana ya alasiri ilitukuta korosho hazijachambuliwa na wazee wawili wamepiga magoti wanagombania mstari!

Mwisho Baba akajipangusa mchanga. "Nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Nanyamba."

"Siutaki."

"Chukua Newala, kuna baridi nzuri."

"Siutaki, Baba. Kitendawili si changu. Mpe mwenyewe."

Akaomba karatasi. Hakutaka Dada amwandikie. Alichoandika kimo humu ndani na sijakisoma, ingawa nilikaa na bahasha hiyo kwenye gari mpaka Mtwara kama mtu aliyebeba yai.

Umeniuliza kama nilikuonea haya. Hapana. Nilijionea haya mwenyewe. Mimi wa kidato cha nne, kazi yangu magunia, nikaona nikilitaja neno nisilolijua watu watagundua kwamba mke wangu amenipita. Leo wamegundua, Dada amenicheka, na sijafa. Tena nimeona raha! Umenipita, Mwana. Nipite tena.

Mumeo, mwongo aliyeacha,
Faraji


(Ndani ya bahasha hiyohiyo)

Kitaya, 24/11/2024

Mkwe wangu,

Naandika kwa mkono wangu, ndiyo maana herufi zinakwenda upande kama kaa.

Kamati nitaiambia mwenyewe. Aibu nimezoea, nimemzaa Faraji.

Kitendawili chako kimetushinda mimi na Hemedi. Nimekupa mji. Nimekupa Dar es Salaam, miaka mitatu, usichukue pungufu. Desturi unaijua, aliyepewa mji hutoa jibu. Nangoja jibu langu.

Salumu


Dar es Salaam
Alhamisi, 28 Novemba 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Felista amepiga picha barua hii tuitume kwenye simu ya Dada Mariamu, akusomee leo, kwa sababu kesho saa kumi dirisha la kubadilisha kozi linafungwa.

Baba, umenipa mji mkubwa kuliko yote na nimelala nimeukumbatia. Lakini lazima nikwambie ukweli hata kama utanigharimu. Jibu sina.

Sikulificha. Silijui. Kwenye kitendawili anayetega anajua, wengine ndio hawajui. Kwenye falsafa anayeuliza hajui, ndiyo maana anauliza. Mwalimu wangu naye nilimfuata ofisini, akasema yeye pia bado anafikiri. Nadhani Faraji alipokitega aliona kinafanana na kitendawili, nanyi mkacheza kama kitendawili, na mimi nimepewa mji bila haki.

Nyumba yetu imeshapata "ndiyo hivyohivyo" moja, sitaki kuongeza ya pili. Kwa desturi, mtegaji asiye na jibu anarudisha mji. Fomu iko mbele yangu mezani. Ukisema nirudishe mji, nitaijaza, nitakurudishia Dar es Salaam, nitakuja kukaa kwenye lile dirisha nifundishe, na nitafundisha kwa moyo.

Nangoja neno lako.

Binti yako,
Mwanahamisi


Likombe
Jumapili, 8 Desemba 2024

Mke wangu, mke wangu, mke wangu,

Najua Dada Mariamu alikutumia maneno matatu tu, "Kaa na mji", na najua ulivyopiga yowe, maana Felista alinipigia simu kunilalamikia masikio yake. Lakini Dada hakukueleza ilivyokuwa. Mimi nimetoka huko jana, nimesimuliwa na wote watatu, kila mmoja kivyake, na hakuna simulizi mbili zinazolingana.

Dada alipofika kwenye "Jibu sina", akasimama kusoma kwa woga. Baba akasema, "Rudia hapo." Akarudia. Baba akamgeukia Hemedi: "Hajui!" Hemedi akasema, "Hajui?" Baba akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye korosho. "Darasa zima halijui! Mwalimu hajui! Hemedi, hatukushindwa! Tuko sawa na Chuo Kikuu!"

Halafu akaiokota kofia. Dada anasema alichukua karatasi yake ya majina ya kamati, akaisoma yote. Akasema, "Wenye majibu ya kila kitu tunao tele kijijini hapa, wote nimewaweka kwenye kamati. Anayeweza kuniambia hajui, na mji uko mkononi mwake, sina hata mmoja. Mwandikie akae nao."

Kwenye kikao cha kamati Ijumaa walimuuliza, "Mkweo anasomea nini basi?" Akasema, "Kiingereza na..." akakaa kimya makusudi, akiwatazama mmoja mmoja, mpaka mzee mmoja akashindwa kuvumilia: "Na nini?" Baba akasema, "Umeona? Umeshaanza kuisoma."

Mwalimu mwingine wanamtafuta. Chumba kitakuwa chake. Lakini Baba amekataa dirisha la upande wa mto kubadilishwa, anasema likizo utahitaji mahali pa kuutazama.

Felista ameniambia fomu uliichana ukafanya alama za kitabu. Nitumie kipande kimoja, nikiweke kwenye kamusi. Nimefika herufi ya D.

Na mimi nina swali langu, Mwana. Miaka mitatu ni mingi. Utasoma vitabu nisivyovijua, utasema maneno nisiyoyaweza, utarudi hapa Likombe, na je, utakuwa yuleyule? Nimelifikiria swali hilo nikiwa nimebeba magunia wiki nzima, na jibu sina. Lakini niliwauliza Baba na Hemedi mto ulipohama mwaka ule wao walifanyaje. Wakasema walibishana siku tatu. Siku ya nne kila mtu alichukua ndoo yake akaufuata.

Ndoo ninayo.

Mumeo,
Faraji